Nimelelewa kwenye nyumba mbili za levo tofauti, haya ndo niliyoyaona

Kuna kauli inaniudhi sana, ile ya "mtoto mwenye akili hata umweke wapi atatoboa". Mara nyingi anayeisema ni mtu aliyekwishatoboa, au mtu ambaye hajawahi kuhamishwa shule katikati ya muhula. Mi nimelelewa kwenye nyumba mbili, ya kwanza ya maza na dingi ambayo ilikuja kuvunjika, ya pili ya mama mdogo na mume wake, wote waajiriwa, mshahara unaingia tarehe inayojulikana. Akili yangu ilikuwa ile ile moja nahama nayo. Vilivyobadilika ni vitu vingine kabisa.

Nianze na hii ishu ya kuhama maana watu wanaichukulia poa. Dingi alivyoondoka maza akabaki na sisi watatu, dada, mimi na mdogo wetu, na kazi yake ni vibarua, wiki hii kipo wiki ijayo hakipo. Kodi ikichelewa tunahama, tukihama shule inakuwa mbali, shule ikiwa mbali tunabadilishwa shule. Sasa wengi wanadhani ubaya wa kubadilisha shule ni kupoteza marafiki, hapana bana, marafiki mtoto anapata wengine ndani ya wiki moja. Ubaya uko kwenye hesabu. Shule niliyotoka walikuwa ndo wanakaribia kuanza sehemu, shule niliyoingia sehemu walishamaliza wako kwenye asilimia, na asilimia kwa mtu asiyejua sehemu ni kama mwalimu anaongea kwa mafumbo tu. Mwalimu mpya hajui kwamba hilo somo sijafundishwa, anachoona ni mtoto hajui, basi kwenye ripoti anaandika aongeze bidii. Shule iliyofuata wakafundisha sehemu upya kabisa, ila wakati huo nilishajiaminisha hesabu si zangu, nikakaa nyuma nachora. Hakuna mahali popote ilipoandikwa kwamba huyu mtoto kuna mada aliruka kwa sababu ya kodi ya nyumba. Ukifika madarasa ya juu inakuwa tu huyu hana kichwa cha hesabu, na wewe mwenyewe unaamini.

Madaftari yangu yote nilikuwa naweka kwenye mfuko mmoja wa nailoni chini ya godoro. Usiku ukimsikia maza mlangoni anaongea na mwenye nyumba kwa sauti ya kubembeleza unajua kuna uwezekano asubuhi tunapakia, kwahiyo unalala sikio moja liko macho. Asubuhi darasani unasinzia unachapwa jina la mvivu. Na maza hakuwa mzembe hata kidogo, hilo nalisema kwa herufi kubwa kabisa, alikuwa anaamka kabla yetu na kulala baada yetu, sema akili yake yote ilikuwa inaishia kwenye hesabu ya kesho tutaishije, haibaki nafasi ya kukuuliza leo mmesoma nini.

Nikiwa na miaka 11 mama mdogo akaja kuongea na maza, wakakubaliana mimi na mdogo wangu tukakae kwake, dada abaki kwanza amsaidie maza. Nyumba ile haikuwa ya kitajiri kihivyo, lakini kwangu ilikuwa dunia nyingine. Na kilichonishangaza siyo vitu, ni ratiba. Yaani watu wanajua Jumatano ijayo watakuwa wapi! Binamu yangu, tuko rika moja, alikuwa anapanga kabisa mambo ya likizo ambayo iko mbali huko, na yanatokea kweli.

Mama mdogo alitununulia kalamu za rangi, boksi moja mimi boksi moja binamu. Binamu za kwake aliziacha mezani sebuleni, anachora kidogo anaziacha hapo hapo. Mimi nilichora siku hiyo hiyo mpaka zingine zikaanza kuisha wino, zilizobaki nikazificha ndani ya foronya. Mume wa mama mdogo akacheka, akasema huyu mtoto hana subira. Na ni kweli sikuwa nayo, sema hakujiuliza ningeitoa wapi. Nilikotoka kitu kizuri ukikiacha mezani ujue hukikuti, kimeuzwa, kimesahaulika kwenye kuhama, au kachukua mtu. Kwa mtoto wa vile kutumia sasa hivi ndo busara.

Baadaye sana nikaja kusoma kuhusu lile jaribio maarufu alilolianzisha Walter Mischel kule Stanford mwishoni mwa miaka ya 60, mtoto anawekewa pipi moja anaambiwa ukivumilia mpaka nirudi nakupa mbili. Hilo jaribio limetumika miaka mingi kusema watoto wenye subira ndo wanaofanikiwa, basi wahamasishaji wakalishika mpaka leo. Ila mwaka 2013 mtafiti mmoja anaitwa Celeste Kidd pale Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na wenzake wakaongeza kitu kidogo tu mwanzoni. Kabla ya pipi, mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Watoto wengine waliletewa kweli, wengine mtu mzima akarudi mikono mitupu akawaambia samahani havipo. Ndo pipi ikaletwa. Wale walioletewa vifaa walisubiri wastani wa dakika 12, wale waliodanganywa wastani wa dakika 3! Watoto walikuwa wachache, 28, lakini niliposoma pale nilijiona mimi na kalamu zangu kwenye foronya. Alafu 2018 wengine wakalirudia lile jaribio la zamani kwa watoto zaidi ya 900, wakakuta uhusiano kati ya kusubiri pipi na kufanya vizuri shuleni akifika miaka 15 ni nusu tu ya ule uliokuwa unatangazwa, na ukishaweka kwenye hesabu hali ya familia na uwezo aliokuwa nao mtoto tangu mwanzo, unapungua tena theluthi mbili. Kwahiyo sehemu kubwa ya tulichokuwa tunakiita tabia ya mtoto kumbe ni nyumba aliyotoka.

Kitu kingine nilichokiona kwa mama mdogo ni namna wanavyoongea na wakubwa. Siku moja binamu alirudi na mtihani, swali moja kakoseshwa na jibu lake liko sawa. Kwetu ingekuwaje? Maza angesema mwalimu ndo anajua, funga mdomo usije ukachukiwa. Mama mdogo hakugomba wala hakwenda shule, alimweka binamu mezani akamwambia haya jifanye mimi ni mwalimu, niambie. Binamu akaanza kulalamika, akamkatisha, hapana, anza na shikamoo, sema mwalimu naomba tuliangalie tena swali la nne nafikiri kuna kitu sijakielewa. Wakarudia rudia mpaka ikakaa vizuri. Kesho yake akaenda, akaongezewa maksi, lakini maksi zenyewe ni kitu kidogo. Kikubwa ni kwamba mtoto wa miaka 11 kashajua kuwa mwenye mamlaka anaongeleka, kwamba taasisi ina mlango na mlango una namna ya kugongwa. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni pale nilishikwa na hofu kwa niaba yake kabisa, nilijua atachapwa. Maza yeye shule alikuwa anaenda akiitwa tu, anavaa nguo yake nzuri ya siku zote, anasimama mbele ya mwalimu anasema ndio mwalimu, samahani mwalimu, hata kabla hajaambiwa kosa ni nini.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Annette Lareau, aliwahi kufuatilia familia za madaraja tofauti kwa kukaa nao majumbani, na alichokuta kinafanana na hicho. Wazazi wa daraja la kati wanawafundisha watoto kuhoji, kujieleza, kujadiliana na walimu na madaktari, wazazi wa hali ya chini wanawapenda watoto vile vile ila wanawaacha wakue kwa uhuru wao na kwenye taasisi wanakuwa wanyenyekevu na wenye wasiwasi. Na kitu ambacho watu wakimnukuu huwa wanakiruka, alikuta watoto wa hali ya chini wana mazuri yao pia, wanajua kucheza wenyewe bila kusimamiwa, wako karibu na ndugu, hawalii lii ovyo kwamba wameboreka. Hilo nalithibitisha! Binamu yangu ukimzimia tivii alikuwa hajui afanye nini na maisha yake. Tatizo ni kwamba shule na ofisi haziulizi kama unajua kucheza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile la familia kuvunjika, maana hapa watu wanagombana sana. Kuna kundi linasema tatizo ni mzazi mmoja, wengine wanasema hapana, tatizo ni umaskini, acheni kuwasema akina mama. Mi kwa niliyoyaishi naona wote wanashika kipande. Dingi alivyokuwepo nyumbani tulikuwa hatuhami, hilo ni kweli, vipato viwili ni viwili. Lakini jirani yetu mmoja alikuwa analea peke yake, hela yake ndogo kama ya maza, tofauti yake alikuwa na kibarua cha kudumu na chumba cha ndugu yake ambacho hadaiwi kodi. Jioni saa kumi na mbili taa inawaka, wanawe wako kwenye meza na madaftari, yeye anapika huku anasikiliza wakisoma kwa sauti. Kila siku. Wale watoto hawakuwa na baba ila walikuwa na kesho. Wote wamesoma, tena vizuri.

Na upande wa pili nao nimeuona. Siku hizi nafundisha tuisheni majumbani, na kuna familia moja ina kila kitu, nyumba kubwa, magari, mtoto ana chumba chake cha kusomea. Wazazi wanaishi pamoja lakini hawaongei, wakiongea ni vita. Yule kijana tukiwa katikati ya swali akisikia geti anasimamisha kalamu. Haangalii dirishani, anasikiliza tu. Akishajua ni gari la nani na mlango umefungwaje, ndo anaendelea kuandika au haendelei. Mimi nikimwangalia najiona mwenyewe usiku ule wa mwenye nyumba, usikivu ni ule ule. Kwahiyo asikudanganye mtu kwamba hela inaleta utulivu.

Lakini, na hapa ndo kuna kiini cha ninachotaka kusema, yule kijana hatafeli. Akishuka hesabu naitwa mimi, akishuka fizikia anaitwa mwingine, akizidiwa kabisa anahamishiwa shule ya bweni yenye mshauri wa wanafunzi, na akikosa chuo hapa atatafutiwa kule. Mimi kwetu kuyumba kidogo kulikuwa kunafika mpaka kwenye ripoti ya shule. Nyumba kuyumba kunaumiza mtoto wa levo yoyote, ila hela ndo inaamua maumivu yatafika wapi. Ukikutana na vyote viwili, kuyumba na kukosa, hapo ndo watoto wanapotea na watu wanasema hawana akili.

Binamu yangu mwenyewe nampenda na anajua nitamtaja. Chuo alianza kozi moja akaiacha mwaka wa pili, akakaa nyumbani kidogo "anajitafuta", akaanza nyingine, sasa hivi ana kazi nzuri tu na anasema alipitia magumu. Siyo muongo, kuacha kozi kunauma. Ila kuna jamaa tuliyekuwa naye kule kwenye vyumba vya kupanga, huyo hesabu alikuwa anatufundisha sisi tuliomzidi madarasa. Kipindi cha mtihani wa mwisho aliumwa, akafanya hivyo hivyo na homa, matokeo mabaya, na kwao hakukuwa na hela ya kurudia. Ikaisha hapo. Mwenzake anaruhusiwa kukosea na kuanza upya, yeye alipewa tiketi moja na ikaungua. Watu wakihesabu vipaji hili la idadi ya nafasi hawaliweki kabisa.

Na kuna la kujuana. Nafasi yangu ya kwanza ya kujifunza kazi niliipata kupitia baba wa rafiki wa binamu, alikuja kumchukua mwanae nyumbani akanikuta nasoma akaniuliza nasomea nini, basi. Dakika chache tu za maongezi ya mlangoni. Kule nilikotoka watu walikuwa wema, wanasaidiana kuliko hata huku, ila hakuna aliyekuwa anamjua mtu wa kukuingiza popote. Mwaka 2022 Raj Chetty na wenzake walitoa utafiti mkubwa kwenye jarida la Nature, waliangalia urafiki bilioni 21 wa watu kwenye Facebook kule Marekani, wakakuta kwamba sehemu ambazo watoto wa hali ya chini wana marafiki wengi wa hali ya juu ndo sehemu ambazo wanapanda zaidi kimaisha. Walikadiria mtoto maskini akikulia sehemu ambayo urafiki wa namna hiyo uko kwa kiwango anachokulia nacho mtoto wa kitajiri wa kawaida, kipato chake ukubwani kingepanda kwa asilimia 20 kwa wastani. Sikushangaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku hiyo.

Mtu ataniuliza, kwahiyo ukipewa hela tu mambo yanakaa sawa? Nusu na nusu. Kuna utafiti mwingine naupenda, ulikuwa unafuatilia afya ya akili ya watoto kwenye jimbo la North Carolina, Marekani, tangu 1993, na wengine kati yao walikuwa watoto wa Wacherokee, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Katikati ya ufuatiliaji ukaja mradi wa kasino kwenye eneo lao, na familia zote za kabila zikaanza kugawiwa sehemu ya faida, yaani hakuna aliyechaguliwa kwa sababu ya bidii yake, wote wamepata. Watoto ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini, utukutu na ukaidi vikashuka mpaka wakafanana na wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Na watafiti walipotafuta sababu, kilichojitokeza zaidi ni kwamba wazazi walipata muda wa kuwasimamia watoto wao. Kumbe wazazi ni wale wale. Ila huzuni na wasiwasi wa watoto havikubadilika sana, kwahiyo kuna vitu hela haikuvigusa, na mi naamini maana niko hapa na bado geti likifungwa kwa nguvu nashtuka.

Tena umri unahusika sana, hili ndo limenigusa kwenye familia yetu. Marekani hiyo hiyo, kati ya 1994 na 1998, serikali iliendesha mpango wa kuzipa familia maskini kwa bahati nasibu vocha za kupanga nyumba kwenye mitaa yenye afadhali, kwenye miji mitano mikubwa. Miaka mingi baadaye wakaangalia watoto wale wako wapi. Waliohama kabla ya kufika miaka 13 walikuwa wanaingiza kipato kikubwa zaidi kwa asilimia kama 31 kuliko wenzao waliokosa vocha. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi ya hapo hawakupata faida, dalili zilikuwa hata wamerudi nyuma kidogo, kwa sababu kuhama kwenyewe kuna gharama yake na muda uliobaki wa kufaidi ni mfupi.

Sasa sisi tuko watatu. Mdogo wangu alifika kwa mama mdogo akiwa madarasa ya chini kabisa, hata hakumbuki ule mfuko wa nailoni, ukimsimulia anadhani natia chumvi. Yeye ndo ana shahada mbili na ndo anayejiamini kuliko wote, akiingia ofisini anaongea kama yake. Mimi nilifika katikati, nimepata elimu lakini zile sehemu za hesabu nilijifunza ukubwani kabisa ili niweze kuzifundisha, na mpaka leo nikiitwa na bosi cha kwanza najiuliza nimekosa nini. Dada alikuja wa mwisho, ana miaka 17, mama mdogo akampa kila alichotupa sisi, chumba, ada, walimu, na haikushika. Alikuwa ameshajiona mtu mzima, ameshalea, ameshafanya vibarua, kukaa na wadogo darasani kulimchosha akaacha. Kuna ndugu walisema hana shukrani. Hasira zangu zote za ujana zilikuwa kwenye hilo neno. Dada ndo alikuwa anatusomesha sisi enzi za kule, akisoma kitu mara moja kimeingia.

Ana watoto wake sasa, na analea peke yake. Kazi yake iko upande mwingine kabisa wa mji, anaondoka alfajiri anapanda magari mawili, jioni hivyo hivyo. Juzi nilimwambia dada kwa nini usitafute nyumba karibu na kazi, utapumzika hata kidogo, kodi ya kule mbona zinafanana. Alikuwa anakagua daftari la mwanae wa mwisho, hakuinua hata kichwa, akaniambia huyu yuko darasa la tatu, akimaliza shule hapo hapo alipoanzia ndo uje tena uniulize.